Naro Moru: Usipite Tu Ukielekea Mlimani

Kama umewahi kusafiri kutoka Nairobi kwenda Nanyuki, basi Naro Moru umeipita. Huenda hukuitambua. Matatu ilipunguza mwendo kwenye matuta, ukaona maduka na kina mama waliopanga karoti na vitunguu kando ya lami, kisha dereva akakanyaga mafuta na mji ukabaki nyuma. Hata watalii wenye mabegi makubwa mgongoni, ambao hushuka hapo kila wiki, macho yao huwa juu kwenye barafu. Wao pia ni wapita njia.

Leo nakuomba ushuke. Tena ushuke na watoto, na wala usikimbilie mlima siku ya kwanza.

Naro Moru iko Kieni, katika kaunti ya Nyeri, mwendo wa kilomita zipatazo 170 na ushei kutoka Nairobi. Utapita Thika, Makutano na Sagana, kisha Karatina, na ukikosa kusimama sokoni Karatina utakuwa umejinyima mwenyewe. Baada ya Kiganjo nchi hubadilika. Vile vilima vya chai na kahawa na udongo mwekundu ambavyo sisi watu wa mjini hudhani ndivyo Nyeri nzima, vinaisha. Mbele yako kunafunguka uwanda mpana, wenye upepo na nyasi kavu. Upepo wenye mvua hutoka upande wa bahari, nao huumwaga mzigo wake kwenye miteremko ya mashariki na kusini ya mlima. Kieni, iliyo upande wa magharibi, hupata masalio.

Zamani za ukoloni hayo yote yalikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya Uhuru mwaka 1963, mengi yaligawanywa, mengine kupitia mipango ya makazi ya serikali, mengine yakanunuliwa na watu waliochanga pesa zao katika vyama na kampuni. Walitoka Tetu, Othaya, Mathira na Mukurwe-ini, ambako ardhi ilikuwa imebana. Ndiyo maana ukimwuliza shosho wa hapa kwao ni wapi, atakutajia mahali pawili.

Sasa, mlima. Nitausema upesi kwa sababu umeandikwa sana. Amka kabla ya saa kumi na mbili na nusu, utoke nje na blanketi begani. Ukiwa na bahati utauona wote: Batian yenye mita 5,199, Nelion ikiwa imeiegemea kwa mita 5,188, na Lenana, mita 4,985, ambako Kisoi Munyao aliipandisha bendera yetu Desemba 1963. Ikifika saa nne au saa tano mawingu hufunga pazia. Nimeona familia zikiamka saa tatu, zikanywa chai polepole, zikarudi Nairobi zikilalamika kwamba hakuna mlima.

Mlima ukishajificha, nenda shambani. Usijiingilie tu! Mashamba haya ni ya watu, na kazi inayofanywa humo ndiyo karo na chakula chao. Waombe wenyeji wako pale unapolala wakuunganishe na mkulima aliye tayari kuwapokea, mkubaliane mapema juu ya malipo, na muwe tayari kushika jembe. Ukienda likizo ya Agosti, viazi vya mvua ya masika huwa vinachimbwa. Mtoto aliyezoea kuviona viazi vikiwa chipsi ndani ya karatasi atashangaa kwamba kila kimoja lazima kiinamiwe.

Aina utakayokuta sana inaitwa Shangi, na hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa kilimo na wa biashara wangelizingatia. Shangi hukomaa haraka, kwa muda wa miezi mitatu hivi, na jikoni hupendwa. Lakini ikishachimbwa haikai. Huanza kuchipuka baada ya muda mfupi. Basi mkulima asiye na ghala la baridi hana nafasi ya kungoja bei ipande. Wakala anayekuja na lori analijua jambo hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Ndipo lumbesa inapozaliwa: lile gunia linaloongezewa kilemba cha wavu juu, likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Kanuni za mwaka 2019 ziliagiza gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kuandika kanuni ni rahisi. Mwambie mkulima akueleze mwenyewe jinsi mambo yanavyokwenda siku lori linapoingia na viazi vimeanza kutoa macho.

Ukitoka shambani, shuka mtoni. Mto Naro Moru ndio uhai wa mahali hapa, na kwa maoni yangu ndio kivutio kikuu kuliko hata mlima, ingawa hakuna anayeuchapisha kwenye kadi za posta. Maji ni baridi ya kuuma meno. Humo mna samaki aina ya trauti, ambao waliletwa na Waingereza ili wapate kuvua kama kwao. Ukitaka kutupa ndoano, ulizia kibali kwanza. Ukingoni mna miti mikubwa yenye kivuli, na mahali pazuri pa kutandaza leso na kufungua mikate.

Nilipata kuandamana na familia moja ya Nairobi kando ya mto huo. Mtoto wao wa kiume, wa darasa la tano hivi, alimwuliza mzee aliyekuwa akitutembeza, "Guka, hii mto inaenda wapi?" Mzee akacheka kidogo. "Inaenda kwa watu wa Samburu, mtoto wangu. Kama tumewaachia."

Hakuwa akifanya mzaha. Mto Naro Moru huungana na Ewaso Ng'iro, na Ewaso Ng'iro hukatiza nchi kavu ya Laikipia, Samburu na Isiolo hadi kwenye kinamasi cha Lorian. Huko chini kuna wafugaji na mifugo yao, na kuna ndovu na mamba wa hifadhi za wanyama. Huku juu kuna mabomba na mifereji ya wakulima, kila mmoja akivuta maji ya kabichi, vitunguu na njegere. Kiangazi kikikaza, hasa Februari, sehemu za chini za mto hubaki changarawe tupu. Watu wamewahi kukosana vibaya kwa ajili hiyo.

Baada ya Sheria ya Maji ya mwaka 2002, watumiaji wa mito hii walijiunga katika vyama vya kugawana maji, na Naro Moru ina chama chake. Kazi yake ni ngumu kuliko inavyosikika: kumwambia jirani yako, ambaye kabichi yake inanyauka mbele ya macho yake, afunge bomba ili mtu asiyemjua, aliye mbali sana, anyweshe mbuzi. Ukipata nafasi ya kuzungumza na wanachama, zungumza nao. Mwanafunzi wa jografia atajifunza kwa saa moja mambo ya muhula mzima.

Na wengi hukosea kwa kudhani kwamba mto huu unaishi kwa barafu ya mlima. Ni kweli barafu inakwisha. Ile iitwayo Lewis, iliyo kubwa kuliko zote, ilipoteza karibu sehemu tisa kati ya kumi ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Linasikitisha, na wajukuu wetu huenda wasiione kabisa. Lakini maji mengi ya mto hayatoki huko. Hutoka kwenye mvua inayonyesha juu ya msitu na juu ya nyika ya majani yenye ubaridi, ikashikwa na udongo kama sifongo na kuachiliwa pole pole. Msitu ukikatwa, mto utakufa hata kama barafu ingekuwapo.

Siku ya pili, basi, nendeni mkaione hiyo sifongo. Kutoka mjini hadi lango la mbuga ni kama kilomita 17. Ada hulipwa kwa mtandao wala si kwa noti mkononi, kwa hiyo maliza shughuli hiyo kabla ya kuondoka kwenye mtandao mzuri. Tafuteni kiongozi mwenye kibali, kwa sababu nyati wako msituni, nao hawana desturi ya kubisha hodi. Njia hupanda katikati ya miti mikubwa, kisha mianzi, mpaka kituo cha hali ya hewa, Met Station, mita 3,050 hivi. Mbega weusi wenye mikia myeupe watakuwa juu ya vichwa vyenu. Kwa familia yenye watoto, hapo panatosha. Geukeni. Kupanda zaidi ni kazi ya siku kadhaa, na ugonjwa wa kimo hauchagui kijana wala mzee. Kichwa kikianza kumgonga mtoto na akatapika, dawa ya kwanza ni kushuka.

Njiani mtauona uzio wa umeme. Shirika la Rhino Ark lilianza kuujenga kuzunguka mlima mwaka 2012, ili ndovu wabaki msituni na viazi vibaki shambani. Waulizeni watu wa kando ya msitu juu ya usiku wa zamani, walipokuwa wakilala shambani wakigonga madebe. Ndovu mmoja humaliza msimu mzima wa mtu kabla ya jogoo kuwika.

Haya, mambo ya kubeba. Sweta mbili kwa kila mtu, hata mwezi wa Januari. Koti la mvua. Viatu vilivyokwisha kuvaliwa, si vile vipya vya dukani. Magunia mawili matupu kwenye buti la gari, maana mkulima atakuuzia viazi, karoti na vitunguu palepale, nawe utalipa bei nzuri kuliko ya wakala na bado iwe nafuu kuliko ya Wakulima Market. Pima kwa mizani. Usidai lumbesa.

Malazi ni ya kila mfuko, tangu vyumba vya kawaida vya mjini hadi hoteli za kando ya mto na viwanja vya kupiga hema. Usafiri wa umma pia upo: matatu zote za Nanyuki hupita hapo, mwambie tu kondakta mapema.

Jumapili ijayo tutavuka kwenda upande wa pili wa Nyeri, Tetu, hadi Ihithe, kijiji alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Njooni na viatu vya matope.