Fasihi Simulizi kwa Chaki? Hapana Jamani

Hebu tuambiane ukweli. Tunafundisha fasihi simulizi kwa chaki. Mwalimu anaandika sifa zake ubaoni: huhifadhiwa kichwani, hutendwa mbele ya hadhira, hubadilika. Wanafunzi wananakili kimya. Mtihani ukija wanazitapika, wanapata alama. Somo zima la sauti limepita bila sauti.

M. M. Mulokozi alishalisema hili mwaka 1989 alipoainisha tanzu: fasihi simulizi ni tukio, lina fanani, hadhira, mahali na wakati. Tunamnukuu kila mwaka, halafu tunafanya kinyume chake.

Ndiyo maana nasema podikasti iingie darasani, na ianzie Nachingwea na Ruangwa. Sio Dar. Huko kusini bado wapo wazee wenye ngano na vitendawili vya Kimwera. Wapo walioiona kambi ya FRELIMO pale Nachingwea kabla Msumbiji haijapata uhuru mwaka 1975. Na ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951? Mtoto aliyekuwa na miaka kumi ulipoanza, leo anakaribia tisini. Tunamsubiri nani?

Najua mtauliza: intaneti iko wapi? Na simu si zimekatazwa shuleni? Zimekatazwa kwa mwanafunzi. Ya mwalimu iko mfukoni. Bibi aalikwe darasani, aombwe ridhaa, watoto wamuulize, mwalimu arekodi. Sauti ihamishiwe kwenye memori kadi, ichomekwe kwenye spika ndogo kama zile zinazopiga singeli mnadani. Bando la nini hapo?

Ila msinielewe vibaya. Sitaki podikasti ya kukalisha watoto wasikilize sauti ya mtaalamu kutoka mjini. Huo ni ubao uleule, umetiwa betri tu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya wanavijiji mbele ya redio, lakini haikuishia kwenye kusikiliza. Walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sauti ilizaa kazi.

Darasani kazi ni hii: bibi wa Ruangwa asimulie ngano, babu wa Nachingwea asimulie ileile. Wanafunzi wasikilize zote mbili, wabishane kwa nini mwisho umetofautiana. Hapo ndipo neno "hubadilika" litaeleweka, na hakuna atakayelikariri.

"Mtaala hautoi muda," mtasema. Muda wa kunakili notisi tunaupata wapi? Kipindi kimoja tu cha kunakili kinatosha kumsikiliza bibi.

Mwalimu wa Kiswahili unayenisoma, wiki hii usiandike sifa nyingine ubaoni. Weka chaki chini, mwalike bibi. Ukichelewa, utabaki na orodha nzuri ya sifa za kitu ambacho wanafunzi wako hawajawahi kukisikia.