Sigara si posho ya kibarua

Leo siandiki kuhusu chule buni wala bei ya mbolea. Naandika kuhusu pakiti iliyo mfukoni mwako.

Msimu huu wa kuchuma nimezunguka kuanzia Kibosho hadi Kirua, na jambo hili nimeliona mara nyingi mno. Saa nne vibarua wakikaa kupumzika, mwenye shamba anatoa pakiti na kumgawia kila mmoja fegi moja. Jioni wanaongezewa nyingine. Ukiuliza unaambiwa: "Bwana shamba, bila hiyo hawachumi." Na wapo ambao daftari lao nimeliona kwa macho yangu: zile fegi za "ukarimu" zinakatwa kwenye malipo ya Jumamosi.

Huo si ukarimu hata kidogo. Unamlisha mtu ulevi, kisha unamwita mvivu akiukosa. Kibarua akivuta unadhani amechangamka, kumbe ametulizwa tu kiu iliyoletwa na sigara ya alfajiri. Baada ya saa moja au mbili kiu inarudi, anaanza kununa, anatafuta sababu ya kwenda nyuma ya migomba. Saa za kazi unazolalamikia umezinunua mwenyewe.

Najua jibu lenu, nimelisikia hadi kwenye mkutano wa kijiji: kumsaidia mfanyakazi kuacha sigara ni mambo ya makampuni yenye ofisi na bima. Mzee wangu, ukiwa na watu wanne wanaokuchumia kahawa kwa malipo, wewe ni mwajiri. Kihamba chako ndiyo ofisi yao. Hawana nyingine.

Wengine wamegeukia upande wa pili. Wanaamka siku moja na kutangaza: kuanzia kesho anayevuta asije. Hilo nalo si msaada. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila majaribio 100 ya kuacha bila msaada wowote, yanayofanikiwa ni kama 4 tu. Kwa hiyo unachopata ni watu wanaovuta kwa kujificha na kutupa vichungi kwenye matandazo makavu ya mwezi wa tisa. Moto ukiwaka utamlaumu nani?

Kama huruma haikusukumi, basi nikuongeleshe kwa lugha ya shamba. Ninyi wa tambarare mnaolima nyanya na pilipili hoho: virusi vya batobato ya tumbaku hukaa hata kwenye tumbaku iliyokaushwa, na mkono uliotoka kushika sigara unaweza kuvipeleka kwenye miche. Mnanunua mbegu ya gharama, halafu mnampa kazi ya kupandikiza mtu mwenye fegi mdomoni, bila hata sabuni ya kunawa. Na anayepuliza dawa je? Akivuta kabla ya kunawa, sumu ya kwenye vidole inakwenda mdomoni moja kwa moja. Lebo ya dawa inakataza, lakini lebo nani anaisoma.

Kuna kijana mmoja, mchumaji hodari, ambaye mwaka jana alikohoa wiki sita. Mwajiri wake aliendelea kumpa fegi akisema hicho ni kikohozi cha sigara tu, kitakwisha. Alipopimwa ilikuwa kifua kikuu. Sisi wa Kilimanjaro, wenye Kibong'oto pale Siha tangu enzi za mkoloni, ndio wa kutojua hili? Mvutaji ana hatari kama mara mbili ya asiyevuta ya kuugua ugonjwa huo. Kikohozi kikifika wiki mbili, mpe mtu ruhusa na nauli akapime. Dawa za kifua kikuu hazilipiwi.

Sasa msaada wenyewe. Anza kwa kuacha kugawa, na fedha ya pakiti iingize kwenye uji wa saa nne, ndizi au karanga. Kaa na anayetaka kuacha (asiyetaka usimlazimishe) mpange siku. Usichague wiki ya kazi nzito, maana siku 3 za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote: hasira, kichwa kuuma, usingizi kukatika. Wiki hizo za mwanzo mvumilie kama unavyomvumilia mwenye malaria. Kiu ikimshika, kwa kawaida inapita ndani ya dakika chache. Mwache anywe maji, atafune muwa, abadilishe kazi. Mpe pia nafasi ya kumwona mganga wa zahanati. Akiteleza akavuta moja, mnaanza upya. Usimfukuze.

Halafu fedha. Kama dukani kwenu fegi moja ni shilingi 200, anayevuta 10 kwa siku anachoma shilingi 60,000 kwa mwezi. Kule Mindanao, Ufilipino, benki moja iliwafungulia wavutaji akaunti ya kuweka akiba kwa miezi 6. Mwisho walipimwa mkojo, na aliyekutwa na nikotini fedha yake ilikwenda kwenye hisani. Waliopewa nafasi hiyo waliacha zaidi ya wasiopewa, na tofauti bado ilionekana baada ya mwaka. Sisi tuna vikoba kila kitongoji. Sioni kinachotuzuia kufanya jambo la namna hiyo, tena bila kumnyang'anya mtu: mwajiri aongeze kidogo juu ya akiba ya aliyeacha.

Na wewe mwenye duka unayewakopesha vibarua fegi moja moja hadi siku ya malipo, usidhani nimekusahau. Sheria ya mwaka 2003 inakukataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, lakini wachumaji watoto wa likizo nimewaona mlangoni kwako.

Wiki ijayo nipo Uru, kwenye vitalu vya kahawa. Atakayenikaribisha asinitolee pakiti, chai inatosha.