Karanga za Kongwa na Daftari la Mkulima



Mtu akikuuliza bei ya karafuu, utamjibu kabla hajamaliza kuuliza. Akikuuliza kilo moja kavu imekugharimu nini mpaka kufika kwenye mizani, utatazama chini. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Msimu mmoja nikatwaa daftari la shule la mwanangu, nikaandika kila kitu: palizi, ujira wa wachumaji kwa pishi, chakula chao, majamvi, gari. Ndipo nilipoona kuwa mikarafuu yangu ya bondeni, niliyoisifu kwa kuzaa, ndiyo iliyokuwa ikinila fedha, maana gari haifiki na kila gunia hupandishwa kwa kichwa.

Hesabu hiyo wataalamu huiita uhasibu wa uongozi. Si ya kumwonyesha mkaguzi. Ni ya kumwonyesha mwenye kazi njia kabla hajatoa fedha. Atakaye kujua hasara ya kuikosa na atazame Kongwa, katika uwanda wa Dodoma. Februari 1947 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba katika miaka 6 itasafisha pori la ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, ili zilimwe karanga. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Zikapandwa kama 7,500. Mizizi ilivunja matrekta, udongo ukakauka ukawa kama saruji, na mvua za Ugogo hazikufuata karatasi ya London. Mwaka 1949 wakaguzi wakasema vitabu vya shirika havikuwekwa ipasavyo. Januari 1951 mpango ukaachwa, na paundi zaidi ya milioni 36 zikafutwa. Wala halikutangulia shamba la majaribio la kupimia ekari moja ya pori lile yagharimu nini kusafishwa!

Je, wanazuoni wamefika wapi tangu hapo? Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Johnson na Kaplan, waliandika kwamba hesabu nyingi humfikia mkubwa wa kazi zikiwa zimechelewa na zimechanganywa mno. Kwetu Tanzania, mwaka 2006 Goddard na Assad (huyo Profesa Mussa Assad aliyekuja kuwa Mkaguzi Mkuu) walichungulia mashirika yasiyo ya serikali, wakakuta hesabu zatumika zaidi kujipatia imani ya wafadhili kuliko kuamulia mambo ya ndani. Mwaka 2015 Goddard na Mzenzi wakatazama serikali za mitaa, nako wakakuta mengi ya namna hiyo.

Kazi njema, siikatai. Lakini mtafiti huenda penye ofisi na mafaili, na sisi mafaili hatuna. Nitaambiwa gharama za mkulima ni kazi ya mabwana uchumi wa kilimo. Sawa, ila mara nyingi wao huja mara moja, msimu umekwisha, wakauliza ya kukumbuka. Nani akumbukaye mchele aliowapikia wachumaji miezi sita iliyopita?

Naiomba Halmashauri yetu iandike kwa Chuo Kikuu cha Dodoma na kile cha Taifa cha Zanzibar, waletwe vijana wakae nasi misimu miwili kamili, si mmoja, kwa kuwa mikarafuu haizai sawa kila mwaka na hesabu ya mwaka wa neema hudanganya. Waandike wakati jamvi likiwa bado juani. Daftari langu nitawapa, ingawa kurasa mbili zimeliwa na mchwa.