Bichi za Entebbe: Tuwakataze Watoto au Tuwapeleke Wenyewe?



Ndugu wasomaji, kila Idi inapokaribia, swali hili hurudi katika nyumba zetu, Nakivale na hata Mbarara mjini. Vijana wanataka kwenda Entebbe, kwenye bichi za Ziwa Viktoria. Wazazi wengi tunajibu kwa neno moja tu: haramu! Mazungumzo yanaishia hapo. Kisha kijana anachanga nauli na wenzake, anaondoka bila mzazi kujua.

Rai yangu ni kwamba jibu hilo halitoshi. Watoto wetu wanahitaji mzazi anayesema: tutakwenda, lakini tutakwenda pamoja, siku tutakayoichagua sisi, na kwa adabu zetu.

Hofu ya wazazi ina msingi, wala sibishani nao. Siku za sikukuu bichi nyingi hujaa pombe, muziki wa sauti kubwa na mavazi ambayo hatutaki watoto wetu wayazoee. Lakini ziwa na mchanga ni katika viumbe vya Allah (s.w.t.), havina kosa lolote. Kosa liko katika yanayofanywa pale na saa yanapofanywa. Ukienda siku ya kawaida ya wiki, asubuhi, wakati wa likizo za shule, hutakuta kundi lile la jioni ya Idi. Kwa hiyo siku ya Idi yenyewe tubaki na jamaa, tuswali, tule pamoja, tutembelee wagonjwa na majirani. Safari iwe siku tatu au nne baadaye.

Wako wanaodhani kwamba mapumziko yenyewe hayana nafasi katika dini. Hapana! Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimwacha Bi Aisha (r.a.) awatazame Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi. Imepokewa pia kwamba alishindana naye mbio walipokuwa safarini. Na Qur'ani inatuhimiza kutembea katika ardhi na kuzingatia uumbaji. Furaha ya halali ni haki ya mtoto wa Kiislamu, na asipoipata kwetu ataitafuta kwingine.

Kwa sisi wa Nakivale liko jambo jingine. Wazee wetu wengi walikuwa watu wa maji. Wako waliotoka Uvira na Baraka, wengine Bujumbura na Rumonge, wote pembezoni mwa Ziwa Tanganyika. Ndugu zetu Wasomali wako waliotoka Mogadishu, Barawa na Kismayu, penye Bahari ya Hindi. Lakini mtoto aliyezaliwa kambini hapa Isingiro anajua foleni ya mgao na njia ya kwenda madrasa. Uganda yenyewe, nchi iliyompokea, hajaiona. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya nchi, kwa kufuata taratibu zilizowekwa. Basi tuzifuate taratibu hizo, watoto wetu nao waione nchi.

Sasa tuseme juu ya hatari, maana hapa ndipo ukali wetu usio na mpango unapotuangusha. Tarehe 24 Novemba 2018 mashua ya starehe ilizama katika Ziwa Viktoria upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 walikufa. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Kijana aliyetoroka nyumbani na kundi la wenzake, akaitwa kupanda mashua iliyojaa, nani atamwambia shuka? Mzazi aliyekaa nyumbani akiamini kwamba amekataza hawezi kumsaidia. Aliyepo pale ndiye anayeweza kusema hapana.

Ndugu zangu, familia tano au sita, au madrasa na walimu wake, zinaweza kuandaa safari nzuri kwa kuzingatia haya:

1. Ruhusa. Wa Nakivale tuonane mapema na ofisi ya Waziri Mkuu iliyopo kambini, tubebe vitambulisho vya kila mtu na orodha ya watoto.

2. Njia. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kama kilomita 270, na Entebbe iko kama kilomita 40 mbele. Kwenda na kurudi siku moja ni kuchosha dereva, na barabara ya Masaka usiku imeua wengi. Bora tulale usiku mmoja. Njiani tusimame Kayabwe watoto waone mstari wa Ikweta.

3. Swala. Msafiri wa umbali huo ana ruhusa ya kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili. Magharibi inabaki tatu. Hapa mtoto anajifunza fiqhi kwa vitendo. Na tukipita Kampala tuswali katika msikiti mkuu wa kilima cha Old Kampala, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008. Wanafunzi waelezwe kwamba Uislamu ulifika katika kasri ya Kabaka Suna mnamo 1844, kupitia mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim.

4. Maji. Hakuna mtoto kuingia ziwani bila mtu mzima anayejua kuogelea. Hakuna kupanda mashua bila jaketi la kuokolea kwa kila mmoja. Tukumbuke pia kwamba Ziwa Viktoria lina kichocho, kinachotokana na konokono wa maji baridi. Mtoto aliyeoga ziwani apelekwe zahanati baadaye akapimwe, dawa yake ipo.

5. Haya. Mabinti wawe na mama zao na maharimu wao, wachague upande uliotulia. Wavulana nao wafundishwe kuinamisha macho, maana amri hiyo ni yao pia.

6. Bichi isiwe kila kitu. Entebbe ina bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, na kituo cha wanyamapori kilicho kando ya ziwa, ambako watoto wataona simba, twiga na sokwe. Saa mbili mchangani zinatosha.

Na asiyeweza gharama hizo asivunjike moyo. Kutoka Mbarara, mbuga ya Ziwa Mburo iko karibu, ina pundamilia na pofu. Pale Biharwe, kwenye barabara ya Masaka, ipo makumbusho ya Igongo inayoeleza historia ya Ankole. Na sisi tuna Ziwa Nakivale mlangoni petu. Ardhi oevu ya Mburo na Nakivale imo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar tangu 2006. Kuogelea humo hapana, kuna viboko. Lakini familia kukaa jioni juu ya kilima, na chai na mandazi, na baba akawasimulia watoto ziwa alikozaliwa yeye, hilo halihitaji nauli.

Wazazi wenzangu, kabla ya Idi ijayo tukae na watoto wetu tuwaulize wangependa kwenda wapi. Kisha tupange nao.

Wabillahi tawfiq.