Wito: Tusimame na Wanaolea

Kila Januari, shule za sekondari za bweni zinapopokea kidato cha kwanza, kaa karibu na meza ya mapokezi uangalie ni akina nani wameleta watoto. Utamwona bibi aliyepanda basi la alfajiri, ameshika ndoo na godoro. Utamwona kijana wa bodaboda aliyemsomesha mdogo wake tangu mama yao afariki. Yupo mama mdogo, yupo mjomba, yupo baba aliyeachiwa watoto peke yake, yupo mama wa kambo ambaye mtoto hataki kumwachia mkono. Wapo pia baba na mama waliokuja pamoja. Wote wanasaini mstari mmoja wa fomu.

Waulize familia yao ni nani, nao watakupa majibu yasiyofanana. Kwa yule bibi, familia ni wajukuu anaolala nao na sauti ya binti yake kwenye simu kutoka Muscat, alikokwenda kufanya kazi za ndani. Kwa nyumba nyingi za Unguja ambazo ndugu zao waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, familia ni ukoo uliotawanyika Omani, Dubai na Mombasa, na siku ya msiba habari hufika kwenye kundi la WhatsApp kabla jirani hajabisha hodi. Kwa mzee wa makazi ya wazee ya Fungafunga kule Morogoro au ya Welezo Zanzibar, ni mwenzake wa kitanda cha pili anayemkumbusha dawa. Na kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, kuna watoto waliovuka mpaka bila wazazi wakapokelewa na kaya nyingine za wakimbizi. Familia yao ni watu ambao hapo awali hawakuwajua hata kwa majina.

Serikali nayo ina jibu lake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Ni hesabu ya lazima, maana bila hiyo huwezi kupanga shule wala zahanati. Lakini kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Baba mkubwa anayetuma ada kutoka Geita hayumo, wala shangazi anayechukua watoto kila likizo, ingawa wao ndio wanaoifanya kaya hiyo isimame.

Tunajua uzito wa walezi hawa kwa sababu tuliwahi kuuona. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, mabibi wa Bukoba, Muleba na vijiji vya jirani walizika watoto wao, kisha wakageuka kulea wajukuu. Walirudi mashambani kulima migomba wakiwa na umri wa kupumzika. Hakuna aliyewapa barua ya uteuzi. Wale watoto leo ni watu wazima, wengine wana watoto wao, na sijui deni gani taifa hili linadaiwa lililo kubwa kuliko hilo.

Mzigo huo bado upo, ila sababu zimebadilika. Wazazi wameachana. Binti amejifungua akiwa bado shuleni. Kijana ameenda machimboni, mama ameenda ughaibuni. Mtoto anabaki na bibi, na siku bibi akimpeleka hospitali au akienda kushughulikia nyaraka zake anaambiwa: aje mzazi. Mama yuko maelfu ya kilomita, baba hajulikani alipo, na aliyemwogesha mtoto asubuhi anaulizwa yeye ni nani. Hili linaniumiza, na naamini linakuumiza wewe pia.

Sheria haziko upande wa dharau hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009, inayomlinda kila aliye chini ya miaka 18 Tanzania Bara, inamtambua mlezi na kuweka utaratibu wa malezi ya kambo na wa kuasili. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya malezi ya mama na baba, wawe wameoana au la. Zanzibar kwa sheria yake ya 2011, na Kenya kwa sheria ya 2022, zimeingiza pia kafala, ambamo Mwislamu humchukua mtoto, humlisha, humsomesha na kumlea kama wake, huku mtoto akibaki na nasaba yake. Wazee wetu wa pwani walilijua hili kitambo. Kuandikwa kwenye sheria kumelipa nguvu mbele ya hakimu.

Hapa lazima tuwe wakweli. Si kila aliyesema "huyu ni mwanangu" anamlea. Wako watoto wanaoletwa mjini kwa ndugu wakiahidiwa shule, wakaishia kufua, kupika na kubeba watoto wa wenzao. Wanaitwa dada, na chakula wanakula jikoni baada ya wote kushiba. Nyumba ya namna hiyo isijifiche nyuma ya neno undugu. Ukiona mtoto anaishi hivyo, piga 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto, Tanzania na Kenya.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu. Mwalimu mkuu, bibi akija kwenye kikao cha wazazi, mpe kiti, msomee matokeo ya mjukuu wake taratibu mpaka aelewe. Muuguzi na karani, msikilize kwanza aliyemleta mtoto kabla ya kumrudisha. Wewe uliyeacha mtoto kijijini, fedha unayotuma ni njema, lakini tuma na karatasi: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, barua iliyopita kwa mtendaji ikieleza nani anamlea na kwa ridhaa ya nani. Katika mikoa mingi ya Bara, mtoto wa chini ya miaka 5 husajiliwa na kupewa cheti bila malipo kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya, kwa hiyo usingoje afike darasa la saba. Baba uliyekimbia, jina lako na mkono wako bado vinahitajika.

Waheshimiwa wabunge nao nawaomba wamtazame bibi huyu. Zanzibar ilianza Pencheni Jamii Aprili 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, na Kenya ikaanza mwaka 2018 kuwalipa wa umri huo wasio na pensheni nyingine. Bara bado hatujafika hapo. Shilingi inayoingia mkononi mwa mzee mwenye wajukuu hugeuka daftari, sare na uji.

Na wewe mwenye chumba kinachobaki tupu na moyo wa kupokea, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Kenya ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia. Kwetu zipo tayari familia zinazopitishwa kuwa za kuaminika, zinazompokea mtoto aliyeokotwa au aliyekimbia ukatili hadi ndugu zake wapatikane. Zinahitajika zaidi. Utaulizwa maswali, nyumba yako itatembelewa, nawe vumilia, maana ni kwa usalama wa mtoto. Ukishaandikishwa, waeleze na majirani zako namna ulivyofanya, ili nao waende.