Biblia ya Mfalme James na Swali la Mwanafunzi wa Plateau

Ni nadra sana ugomvi wa tafsiri kufika magazetini, na pengine huu nao ungalipita kimya lau nisingekuwapo. Nilikuwa nimealikwa Plateau, kusini-mashariki mwa Eldoret, kuwazungumzia wanafunzi wa chama cha Wakristo cha shule moja. Kabla ya zamu yangu alisimama mhubiri kijana, mwenye sauti ya kuvutia, akawaambia kwamba Biblia ya Kiingereza iliyo halali mbele za Mungu ni moja tu, nayo ni ile ya Mfalme James ya mwaka 1611. Zilizosalia, alisema, zimepunguzwa maneno na watu wasioamini.

Msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa mbele yangu alishika toleo la RSV, ambalo mwalimu wake wa somo la dini alimwagiza alinunue. Alilifunika kwa daftari. Lakini mvulana mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono akauliza, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, na Biblia ya kogo je?" Kogo, kwa wasiojua Kikalenjin, ni nyanya. Mhubiri alitafakari kidogo, kisha akajibu kwamba Biblia ya Kikalenjin ni njema kwa kadiri inavyopatana na ile ya Mfalme James. Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza tuwatendee haki wenye msimamo huo, maana hawakuuzua hewani. Ni kweli kwamba matoleo mapya yanatofautiana na lile la zamani, wala si kwa mtindo wa lugha pekee. Mwanafunzi akifungua Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya tano, atakuta maneno kuhusu mashahidi watatu wa mbinguni katika Biblia ya Mfalme James, naye asiyaone katika RSV. Akifika mwisho wa Injili ya Marko, au kisa cha mwanamke aliyefumaniwa katika Yohana sura ya nane, huenda akakuta mabano au maelezo chini ya ukurasa. Kijana aliyelelewa kuamini kwamba kila herufi ilishuka kutoka juu hushtuka, na mshtuko huo haustahili kuchekwa. Unastahili kuelezwa, na hapa ndipo walimu wetu wengi wanaponyamaza.

Maelezo yenyewe si ya siri. Mwaka 1516 Mholanzi Erasmus alichapisha Agano Jipya la Kiyunani kwa kutumia nakala chache za mkono alizozipata, nyingi zikiwa za karne za baadaye. Nakala yake ya Ufunuo ilikosa ukurasa wa mwisho, hivyo mistari ya mwisho aliirejesha katika Kiyunani kwa kuitafsiri kutoka Kilatini. Maandishi ya mkondo huo, yaliyosahihishwa na wengine baada yake, ndiyo yaliyotumiwa na wafasiri wa Mfalme James. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mwaka 1844, Mjerumani Tischendorf alianza kupata katika monasteri ya Mtakatifu Katerina, chini ya Mlima Sinai, kurasa za nakala ya karne ya 4. Wafasiri wa siku hizi wanazo nakala kongwe ambazo wale wa 1611 hawakuziona. Mtu aweza kushikilia kwamba nakala nyingi za baadaye zastahili kuaminiwa kuliko chache za kale. Hiyo ni hoja ya wasomi, na inajadilika. Lakini kusema kwamba aliyezifuata zile kongwe amemtumikia shetani ni jambo jingine kabisa.

Fundisho hili halikuzaliwa Uasin Gishu, wala Uingereza halikozaliwa. Lilikulia Marekani. Mwaka 1930 Benjamin Wilkinson, mwalimu wa Kiadventista, alitoa kitabu cha kuitetea Biblia ya 1611. Mwaka 1970 David Otis Fuller, mhubiri wa Kibaptisti, akachapisha kingine kilichochota humo kwa wingi. Peter Ruckman wa Florida alivuka mpaka hata akadai kwamba Kiingereza cha 1611 chaweza kuyasahihisha maandishi ya Kiyunani. Kabla ya hapo, RSV ilipotoka mwaka 1952 na kuandika "mwanamwali" mahali pa "bikira" katika Isaya 7:14, mchungaji mmoja wa North Carolina aliuchoma moto ukurasa huo. Mafundisho haya yametufikia kwa wamishonari, kwa vijitabu vya bure na kwa kozi za posta.

Ajabu ni kwamba wafasiri wa 1611 wenyewe wasingekubali kuwa wafuasi wa fundisho hili. Katika dibaji yao ndefu, ambayo chapa nyingi za leo huiacha, walitetea wazi kwamba hata tafsiri dhaifu ni neno la Mungu, na kwamba tafsiri nyingi humsaidia msomaji kupata maana. Walitia maana mbadala pembeni mwa kurasa. Tena walijumuisha vitabu vya Apokrifa, ambavyo wengi wa watetezi wao wa leo hawataki hata kuvisikia. Hata ile "1611" inayotajwa kwa kiapo kwa kawaida ni chapa iliyorekebishwa Oxford mwaka 1769. (Yasiniruhusu muda kusimulia kwa kirefu ile chapa ya 1631 ambayo neno "si" lilidondoka katika amri ya uzinzi, wachapaji wakatozwa faini.)

Nikirudi darasani, nawauliza walimu wenzangu: ni wanafunzi wangapi wa Plateau wanaojua kwamba katika Kiingereza cha zama zile "suffer" lilimaanisha kuruhusu, "let" laweza kumaanisha kuzuia, na "prevent" kutangulia? Nimewahi kusahihisha insha ya mwanafunzi aliyeandika kwamba Yesu aliamuru watoto wateswe kidogo ndipo wamwendee. Hakuwa mpumbavu. Alisoma kilichoandikwa, kwa lugha yake ya tatu.

Nayo Plateau, kama nyanda zote za Uasin Gishu, ingepaswa kuwa ya mwisho kudanganyika katika jambo hili. Makaburu waliofika huku mwaka 1908, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walikuja na magari ya ng'ombe na Biblia ya Kiholanzi ya mwaka 1637. Nyumbani walizungumza Kiafrikana. Kanisani walisoma Kiholanzi. Sampuli ya tafsiri ya Kiafrikana ilipotolewa mwaka 1922 haikupokelewa vema, kwa kuwa ilielemea mno Kiholanzi, ikabidi kazi ianzwe upya. Biblia nzima ilipatikana mwaka 1933. Yaani walowezi wa nchi hii, waliowadharau vibarua wao kwa lugha zao, nao walingojea karne mbili na ushei ili Mungu azungumze nao kama walivyozungumza na watoto wao.

Vibarua hao hawakungoja sana baada yao. Biblia ya Kinandi ilitoka mwaka 1939, ikafuatwa na ya Kikalenjin mwaka 1969. Kwa Kiswahili, Krapf alianza kutafsiri Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844. Unguja wakapata Biblia nzima mwaka 1891, Mombasa mwaka 1914, Roehl akaleta yake mwaka 1937 akijaribu kupunguza maneno ya Kiarabu, na mwaka 1952 ikaja ile ya Muungano iliyotaka kuwapatanisha wote. Nami ni lazima nikiri: Habari Njema ilipokuja niliinunia. Sikioni mwangu Zaburi zilipungua uzito. Kumbe nami nilikuwa na Mfalme James wangu, ila wangu alizaliwa 1952.

Kuipenda tafsiri uliyolelewa nayo si kosa, wala kanisa kuchagua moja ya kusomwa madhabahuni ili watu waitikie pamoja si kosa. Ninachokikataa ni kile kipimo alichokitaja mhubiri. Wafasiri wa Kikalenjin hawakudaiwa na yeyote kuwasiliana na jumba la mfalme wa Uingereza. Ikiwa Kiingereza cha karne ya 17 ndicho mizani, basi ajuza wa Plateau asiyejua Kiingereza hawezi kujua, hata siku ya kufa kwake, kama alichokisoma miaka yote kilikuwa kweli; atalazimika kumwuliza mjukuu, naye mjukuu amwulize mhubiri.

Viongozi wa chama kile wamependekeza kwamba atakayeongoza usomaji sharti awe na Biblia ya Mfalme James. Kura itapigwa muhula ujao. Mvulana wa swali la kogo angali anahudhuria. Yule msichana mwenye RSV, niliarifiwa juzi, hajaonekana mkutanoni kwa majuma matatu. Mtihani wa somo la dini unamkabili, na kitabu alichonacho ni hicho kimoja.