Tusiazime Sifa kwa Mawe ya Kalokol

Mwanafunzi mpendwa, ukiuliza habari za elimu ya nyota katika Afrika ya kale, hutakaa muda mrefu kabla hujapewa jibu hili: kwamba kule Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, wahenga wetu walisimamisha nguzo 19 za mawe mwaka 300 K.K. ili watazame nyota na kupanga kalenda yao. Jibu hilo hunakiliwa huku na huku, na kila anayelinakili hutia chumvi yake. Nami nasema kwamba jibu hilo, kwa namna linavyosimuliwa, halijathibitishwa, na kwamba kulifundisha kama jambo lililokwisha kuamuliwa ni kukuzoeza uvivu wa akili uliovishwa joho la uzalendo.

Dai hili lina wenyewe na lina tarehe. Mwaka 1978 watafiti wawili, B. M. Lynch na L. H. Robbins, walichapisha makala katika jarida la Science. Walipima mielekeo kutoka nguzo moja hadi nyingine, kisha wakailinganisha na mahali zinapochomoza nyota na makundi ya nyota, saba kwa jumla, ambayo Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya huyatumia katika kalenda yao. Kalenda hiyo ilikuwa imeelezwa na Asmarom Legesse, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Eritrea, katika kitabu chake Gada cha mwaka 1973. Hapakuwa na ulaghai wowote. Lilikuwa pendekezo la kitaalamu, likawekwa mezani ili lipimwe, nalo likapimwa. Kinachonikera ni kwamba wanaolieneza wamesimama pale pale penye 1978, kana kwamba baada ya hapo watafiti wote walilala usingizi.

Chukua kalamu tuhesabu pamoja, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la chini. Nguzo 19 ukiziunganisha mbilimbili hutoa mistari 171. Kila mstari una ncha moja inayoelekea upande wa mashariki, na upande huo, kutoka kaskazini hadi kusini, una digrii 180. Kwa hiyo unao takriban mstari mmoja kwa kila digrii moja ya upeo wa macho! Nitajie nyota yoyote uipendayo, hata ambayo hakuna Mborana aliyewahi kuijali, nami nitakutafutia jozi ya nguzo inayoielekea. Anayerusha mawe 171 kwenye mwembe mmoja hana haki ya kujiita mlenga shabaha kwa sababu ameangusha maembe saba.

Si hayo tu. Mwaka 1982 Robert Soper alionyesha kwamba mawe ya Kalokol yenyewe yana usumaku, ambao huipotosha dira inayosogezwa karibu nayo. Vipimo vya kwanza, basi, haviwezi kupokewa kama vilivyo. Na ule mwaka wa 300 K.K. haukutokana na Kalokol hata kidogo. Uliazimwa kutoka makaburi ya Lokori, mbali upande wa kusini, kwa sababu mahali pote pawili palidhaniwa kuwa kazi ya watu wamoja. Mwaka 2011 Elisabeth Hildebrand na wenzake walichapisha utafiti wa maeneo manne ya nguzo magharibi mwa Turkana, Kalokol ikiwa mojawapo, wakayaweka katika enzi za wafugaji wa kwanza wa bonde lile, yaani takriban miaka 5,000 hadi 4,000 iliyopita.

Labda utasema: vema, kama ni pa kale zaidi, si ndiyo sifa imezidi? Hasha. Mhimili wa dunia huyumba polepole, kama pia inayokaribia kuchoka, na kwa ajili hiyo mahali pa kuchomoza nyota husogea kadiri karne zinavyopita. Nyota zilizokokotolewa kwa anga la 300 K.K. hazikuwa zikichomoza mahali hapo hapo miaka elfu mbili kabla yake. Ukiusogeza umri wa nguzo, umeing'oa pia ile mistari uliyokuwa ukijivunia. Huwezi kuvihifadhi vyote viwili.

Ushahidi wenye nguvu unafananaje? Tazama Newgrange, nchini Ireland, kaburi kubwa lililojengwa takriban mwaka 3200 K.K. Juu ya mlango wake pana tundu lililojengwa kwa mawe, na ukiangalia halina kazi nyingine ya maana. Mwaka 1967, mwezi Desemba, katika siku zilizo fupi kuliko zote za mwaka huko kaskazini, mwanaakiolojia Michael O'Kelly aliketi ndani gizani akaona mwale wa jua la asubuhi ukipita tunduni, ukasafiri katika ujia wenye urefu wa mita 19 hivi, ukaangaza chumba cha ndani kwa dakika chache. Hapo pana mstari mmoja, tukio moja na jengo lililobuniwa kwa ajili yake. Hukuhitaji kuchagua katika mistari 171. Hata hivyo Newgrange haikuwa kituo cha wanafalaki. Ilikuwa nyumba ya wafu, na jua liliingizwa humo likawaangukie wafu katika siku ambazo mwaka wenyewe huonekana kufa na kuanza upya. (Zingatia neno nililolitumia, falaki. Unajimu siku hizi ni wa wale wanaokutabiria ndoa magazetini, na sitaki uyachanganye katika insha yako.)

Wala usidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Waafrika peke yao. Gerald Hawkins alipodai katika miaka ya 1960 kwamba Stonehenge ya Uingereza ilikuwa kama kompyuta ya mawe ya kutabiria kupatwa kwa mwezi, mwanaakiolojia Richard Atkinson alimjibu mwaka 1966 kwa ukali usio na simile. Jambo lililosalia mpaka leo ni dogo kuliko dai la Hawkins, nalo ni thabiti: mhimili wa mawe yale huelekea jua linapochomoza siku ndefu kuliko zote, na linapotua siku fupi kuliko zote.

Nasikia pingamizi, na si pingamizi la kipuuzi. Watu wetu walinyimwa historia kwa muda mrefu, wataniambia; ya nini basi mwalimu wa Kiswahili kuwanyang'anya vijana hata hiki kidogo? Nami nitauliza: ile vita ya Zimbabwe Kuu ilipiganwa kwa silaha gani? Walowezi walidai kwamba kuta zile ni kazi ya Wafoinike au watu wa Malkia wa Sheba, mradi tu wasiwe Waafrika. David Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichimba, wakapanga vigae na matabaka ya udongo, wakaonyesha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Wakoloni wa Rhodesia waliendelea kununa kwa miongo kadhaa, lakini hoja ilikuwa imekwisha. Ilishinda kwa sababu ilisimama juu ya vigae. Tukijizoeza leo kukubali dai kwa kuwa linatupendeza, tutakuwa na uso gani wa kumkemea yule aliyelikubali dai la Wafoinike kwa kuwa lilimpendeza yeye? Na atakapopanda jukwaani mtu wa kukusifia kabila lako kabla ya kukuomba kura, utamhoji kwa kipimo kipi?

Kisha tazama jinsi dai hili linavyowadhalilisha wale wale linaowasifu. Waborana hawahitaji nguzo za Kalokol ili waitwe wajuzi wa anga. Wanao wataalamu wao, ayyantu, waliohesabu miezi 12 na siku zipatazo 354 bila kuandika, kwa kumwangalia mwezi na jirani zake mbinguni. Miezi sita hutambuliwa kwa mwezi mwandamo kuwa sambamba na nyota fulani. Miezi sita mingine kwa umbo la mwezi unapokuwa sambamba na kundi moja tu, Triangulum, ambalo wao huliita Lami. Elimu hiyo ipo, ina watu wake, na inaweza kuulizwa maswali ikajibu. Kwa nini tuikimbilie ile ya mawe yasiyosema?

Katika nyota za Waborana limo kundi wanaloliita Busan. Wewe unalijua kwa jina jingine, au utalijua kabla ya mtihani: ni Kilimia. Jina limetokana na kitenzi kulima, na watu wa mwambao walikuwa na usemi juu yake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hapo ndani mna kazi ya vizazi vya watazamaji, waliokiona Kilimia kikizama jioni na kupotea, wakasubiri majuma kadhaa, wakakiona tena mashariki alfajiri na majira yamebadilika. Watu wamepita kila siku juu ya hazina hii wakaenda kutafuta falaki Kalokol.

Je, mawe hayatwambii neno? Yanatwambia, ila si lile tulilotaka kusikia. Waturkana huyaita Namoratunga, watu wa mawe, na wenzenu wa Karamoja watalitambua humo neno ngitunga, watu. Husimuliwa kwamba walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Katika simulizi hiyo hamna nyota, mna watu. Na wachimbaji nao walikuta watu. Huko Lothagam Kaskazini, eneo jingine la nguzo za enzi zile zile, utafiti uliochapishwa 2018 ulikadiria kwamba wamezikwa watu wasiopungua 580, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto wachanga. Lilikuwa eneo moja la maziko lililotumiwa kwa karne kadhaa, wakati mvua zilipopungua na ziwa likawa linarudi nyuma. Karibu kila mtu alizikwa na mapambo yake: shanga za mawe ya rangi, za maganda ya mayai ya mbuni, na pambo moja la kichwani lililotengenezwa kwa meno zaidi ya 400 ya panya wadogo wa nyikani. Watafiti hawakuona dalili ya mtawala aliyetengewa mahali pake. Hatimaye shimo lile lilijazwa, likafunikwa kwa mawe, na juu yake zikasimamishwa nguzo, nyingine zikiwa zimebebwa kutoka umbali upatao kilomita moja.